Mji Uliosagwa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Shikamoo hiyo nimeitamka kwa sauti kabla ya kuiandika, tena nimesimama, ingawa humu chumbani hakuna wa kuiitikia. Sasa nimekaa kwenye ndoo yangu, karatasi iko juu ya goti. Je, unaendeleaje? Yale magoti yamepoa kidogo? Dereva wa lori la maji ameniambia kwamba siku hizi unatembea na fimbo, na kwamba fimbo yenyewe kazi yake ni kuwafukuza mbuzi wa jirani zaidi ya kuegemewa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikasema kumbe Mama yupo, tena yupo vizuri. Na shemeji yangu hajambo? Watoto wake je? Najua yeye ndiye atakayekusomea barua hii, maana macho yako na maandishi yangu hayapatani. Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Soma yote. Nakujua wewe, ukifika mahali pagumu utameza mate na kumwambia Mama kwamba hapo nimeandika salamu tu. Usifanye hivyo, tafadhali.

Mimi mzima wa mwili. Mgongo unanisumbua asubuhi, lakini mgongo wa fundi mwashi usipouma ujue hakufanya kazi. Kilichonishika ni upweke, Mama, sitakuficha. Inapita wiki sijasikia sauti ya mtu ila ya huyo dereva, naye akija ana haraka, anashusha maji huku injini inawaka. Nimeanza kuzungumza na vyombo. Jana niliigombeza sufuria kwa kuunguza maji. Maji, Mama!

Nimepata ujumbe wako. Dereva aliufikisha neno kwa neno, mpaka akaiga sauti yako nikataka kumpiga. Umesema unataka kuja kuliona kaburi la binti yako kabla miguu haijakataa kabisa. Umesema pia ile picha ya kaburi niliyokutumia umeitundika ukutani, na kwamba kila mgeni akija unamwonyesha na kumwambia kwamba mkweo bado yuko kule, hajamwacha mwanao hata siku moja. Nimeyasikia hayo na sikulala vizuri. Nimeona heri nikuandikie kabla hujapanda gari, kwa sababu mji unaokuja kuutazama haupo, na kaburi nalo lina maneno yake. Najua mkwe hatakiwi kuwa na mdomo mrefu mbele ya mama wa mkewe. Leo niwie radhi, nitakuwa nao.

Wewe hapa ulifika mara moja tu, ya msiba, na siku ile hukuwa na macho ya kutazama mji. Kwa hiyo acha nianze mbali. Tulipofika mimi na binti yako, tukiwa juu ya mifuko ya saruji nyuma ya lori, kulikuwa na shimo moja la dhahabu, maturubai, na wanaume wengi wasiooga. Binti yako alishuka, akajipangusa saruji usoni, akatazama kulia na kushoto, kisha akaniambia kwamba kama haya ndiyo maisha niliyomwahidi basi nimgeuzie lori. Lori lilikuwa limeshaondoka. Ndivyo tulivyohamia.

Dhahabu ilikuwepo, tena si mchezo. Kampuni ikaleta kinu kikubwa cha kusagia mawe, na kinu hicho kikawa kinanguruma mchana na usiku mpaka watoto waliozaliwa hapa wakawa hawalali kikizimwa. Mawe yalisagwa, dhahabu ikachujwa, na mchanga uliobaki ukawa unamwagwa huko nyuma. Ulikuwa mweupe na laini, ukarundikana ukawa kilima, na watu wakakiita Kilima cha Unga. Upepo ukivuma tuliula unga huo kwenye chai, kwenye mboga, mpaka kwenye shuka.

Sasa fundi mwashi bila mchanga ni mpiga domo tu. Mchanga wa mtoni ulikuwa mbali na wenye malori walikuwa wanatukamua. Siku moja nikachukua toroli, nikaenda kwenye Kilima cha Unga, nikauchanganya ule mchanga na saruji nikapiga tofali moja la kujaribia. Lilipokauka nililiangusha juu ya jiwe, na jiwe ndilo lililomeguka. Nilikimbia nyumbani kama mwehu kumwonyesha mwenzangu. Nilipomwendea meneja wa mgodi kuomba ruhusa, aliniambia nichote nitakavyo, mchanga ule ni takataka na nitakuwa nimemfagilia uwanja. Alinicheka usoni na mimi nikamcheka moyoni. Hakuna kati yetu aliyejua nini kinatolewa na nini kinachukuliwa.

Mama, mji wote huu uliinuka kutoka kwenye kile kilima. Maduka, shule, nyumba ya nesi, ukumbi wa kuonyeshea video, banda la kinyozi lenye vioo pande mbili, nyumba za wachimbaji mstari kwa mstari, vyote matofali meupe ya uani kwangu. Binti yako ndiye aliyekuwa akiuchekecha mchanga na kuyamwagilia matofali maji asubuhi na jioni, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Alikuwa anasema tofali likinyimwa maji siku za mwanzo litalipiza kisasi ukubwani. Mimi nikawa mtu mkubwa. Watu wazima kuliko mimi wakawa wananiwahi kwa salamu. Kichwa kikavimba, nikawa natembea na pima maji ya kunyooshea kuta mfukoni hata nikienda kunywa chai. Nikirudi nyumbani na majivuno yangu, binti yako alikuwa ananipa chekeche mkononi, haongei, na kichwa kinarudi mahali pake.

Halafu akaugua. Hayo unayajua na sina nguvu ya kuyarudia. Mungu hakutujalia mtoto, kwa hiyo alipofumba macho nyumba ilinyamaza yote kwa mpigo. Kaburi nililijenga mwenyewe, sikumruhusu fundi mwingine ashike mwiko. Nilichagua matofali ya mwisho aliyoyamwagilia kwa mkono wake kabla hajalala kitandani. Nikalipiga lipu, nikalisugua mpaka likawa kama sahani. Waliokuja kuzika watu wao waliliona, na tangu hapo kila aliyefiwa alinifuata akitaka la kwake liwe kama lile. Makaburi yote pale yakawa meupe kwa mkono wangu.

Siku unaondoka, ulinishika kola ya shati mbele ya watu wote, ukaniambia nisimwache mwanao peke yake katika nchi ya wageni. Nikakuambia sitamwacha. Nilisema kwa moyo wangu wote, Mama, na wala sikufikiri kama kusema huko kuna mwisho.

Mji haukufa siku moja. Dhahabu ilianza kuwa nyembamba, kisha maji yakaingia shimoni, kisha zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Kila mtu alikuwa anamwambia mwenzake mambo yatakaa sawa, huku anauza kitanda. Asubuhi moja kinu hakikunguruma. Watu walitoka nje wakasimama milangoni wanasikiliza, na watoto wadogo wakaanza kulia kwa sababu ya ukimya. Hakuna aliyetutangazia chochote. Tulijua tu.

Wakaanza kuondoka. Waling'oa mabati, wakang'oa milango, madirisha, hata bawaba, maana hivyo vyote vinabebeka na ukuta haubebeki. Nilikuwa napita mtaani naona mbingu ndani ya vyumba vya watu. Sebuleni kwa nesi paliota majani. Kila aliyeondoka alipita kwangu kuniaga na kuniambia fundi, na wewe usichelewe. Nikawa nasema ndiyo, ndiyo, niko nyuma yenu. Mwongo mkubwa. Nilikuwa nakwenda makaburini kila jioni, nafagia, nampa mwenzangu habari za nani kaondoka leo na nani kasahau kunirudishia ngazi yangu.

Mwisho tukabaki mimi na kinyozi. Huyo kinyozi alikuwa mtu wa maneno, aliwahi kumnyoa meneja upande mmoja halafu akasahau upande wa pili kwa sababu ya kusimulia. Sasa akawa na vioo viwili na kichwa kimoja cha kunyoa, changu. Nilikwenda kwake kunyolewa nywele ambazo hata hazijaota. Alinifunga kitambaa shingoni, akapitisha mkasi hewani, akasimulia, na mimi nikalipa kwa kusikiliza. Tulikuwa tunajua tunachofanya na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Ndipo akaja yule mtu tuliyempa jina la Bwana Mizani. Alikuja na gari dogo, mizani, na chupa za dawa. Akawa anazunguka kwenye magofu, anabandua kipande cha ukuta hapa, kipande pale, anavitia kwenye mifuko. Tukadhani akili zimemruka. Siku ya tatu alikuja bandani kwa kinyozi kuomba kunyolewa, na huko kwenye kiti akatueleza. Alisema kinu cha zamani kilikuwa na tamaa lakini hakikuwa na meno, kilichukua dhahabu ya chenga na kuiacha ile laini ndani ya mchanga. Siku hizi iko dawa ya kuitoa. Alisema kuta za mji huu zina dhahabu kuliko lile shimo, na kwamba yeyote aliyejenga kwa mchanga ule alijenga kwa dhahabu bila kujua. Kinyozi alicheka mpaka akashikilia ukuta, kisha akauachia haraka kama umemuunguza. Mimi nilikaa chini, Mama.

Habari ilifika mbali kuliko nilivyodhani. Wale walioondoka wakaanza kurudi. Loo, siku zile! Nilisikia kelele za watu mtaani, majina ya utani yakiitwa, nesi akanikumbatia katikati ya barabara, wachimbaji wa zamani wakawa wanapigana mabega. Nilichemsha chai sufuria kubwa. Nilifurahi kama mjinga, nikadhani mji unafufuka. Kumbe wamefuata kuta. Kila mmoja alionyesha gofu lake, akaelewana na Bwana Mizani, akasimama kidogo kutazama mashine aliyoileta Bwana Mizani inavyobomoa na kusaga, akaondoka na gari la jioni. Chai nyingine niliimwaga.

Sijui kama binti yako aliwahi kukuambia, lakini alikuwa na mazoea ya kubonyeza kona ya kila tofali kwa kidole gumba kuona kama limeshika. Ndiyo maana matofali yetu mengi yana kishimo kidogo pembeni. Nilisimama karibu na mashine nikaona vile vishimo vikipita, kimoja baada ya kingine, vinaingia mdomoni, vinatoka unga. Kutwa nzima nilisimama. Bwana Mizani aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa, ndiyo, na akanipa maji ya kunywa.

Nyumba yangu niliikatalia. Alinibembeleza, akaniambia matofali ya kwangu ndiyo ya mwanzo na huenda ndiyo manono kuliko yote. Nikamwambia nikiiuza nitalala wapi, na nina mtu wangu hapa wa kumwangalia. Kinyozi aliuza banda lake. Siku ya kuondoka aliniambia twende wote, amepata chumba pembeni ya kituo cha mabasi, patatutosha wawili. Nikamwambia nimetoa ahadi. Akasema aliyekufa hakimbii, hata nikienda nitamkuta. Hapo nikampandishia, nikamwambia hajui anachosema kwa kuwa hajawahi kuzika mke. Kinyozi alikunja kitambaa chake cha kunyolea. Alipanda gari bila kunipungia mkono. Inaniuma mpaka leo, maana hakuwa na lengo baya, alikuwa anaogopa kuniacha.

Nikabaki peke yangu. Na baada ya kuta za mji kwisha, Mama, wakageukia makaburi.

Ilikuwa mchana kweupe. Nilisikia nyundo upande wa makaburini, nikachukua koleo nikaenda mbio, kufa kupona. Nikamkuta mnyapara wa zamani wa zamu ya asubuhi, mtu mzima mwenye mvi, anavunja kaburi la baba yake. Nilimwuliza kama ana haya. Akaniambia, bila kuacha kazi, kwamba baba yake angekuwa hai angewapa wajukuu hata koti lake, sembuse matofali. Alikuwa anasema hivyo huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mimi niliyekwenda na koleo kumpiga, nikajikuta namshikia turubai ili vipande visipotee. Sijui nikuelezeje. Kaburi lilikuwa ni la baba yake, na njaa ilikuwa ni ya watoto wake.

Lakini nyuma yake wakaja wasio na baba wala mama pale. Vijana wa mbali, hawajui nani amelala wapi, wanachojua ni kwamba kaburi jeupe lina dhahabu. Nilikwenda kwa Bwana Mizani kumwomba awakataze. Akaniambia kwa adabu tu kwamba yeye haulizi tofali limetoka wapi, na kwamba asiponunua yeye atanunua mwingine. Nikamwambia basi nitamuuzia nyumba yangu, aichukue leo hii, mradi makaburi yaachwe. Alikubali kuichukua nyumba. Makaburi akasema hayako mikononi mwake. Nikarudi zangu, na nyumba sikumpa.

Nikahamia kwa binti yako. Nilikaa pale kutwa, mgongo kwenye kaburi, koleo mapajani. Nao walikuja kila siku, wanabomoa ya jirani, wanachimba mpaka chini ya msingi kwa sababu hata vumbi lake wanalitaka. Hawakunitukana, Mama. Walinisalimia, wakaniita mzee wetu, wakaniuliza nimekula nini. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba hawana haraka na mimi, kwa sababu hata niwe mkali vipi, siku moja nitakwenda kuchukua maji. Alisema vile akatabasamu. Nikatazama mashimo waliyoyaacha pande zote, jinsi walivyochimba bila kujali wanagusa nini kule chini, na nikaelewa kitakachompata binti yako.

Mama, kaa vizuri. Shemeji, mshike Mama mkono.

Kaburi lile nimelivunja mimi. Hakuna mwingine aliyeligusa. Asubuhi moja kabla hawajafika nilichukua mtaimbo na nyundo, nikamwomba radhi binti yako kwa sauti, nikaanza. Lilinikatalia. Nilikuwa nimelijenga vizuri mno, lipu ngumu kama chuma, na nikawa najitukana mwenyewe kwa ufundi wangu. Nilipakia matofali kwenye toroli, nikapeleka mpaka kwenye shimo la zamani la mgodi, lile lililojaa maji, nikayatumbukiza yote. Sikuuza hata kipande. Nilikokota mpaka viganja vikachubuka. Nikang'oa msingi, nikafagia hata vumbi, nalo nikalitupa huko huko. Kisha nikasawazisha udongo kwa mikono mpaka pale mahali pakawa ardhi tu, sawa na ardhi nyingine. Vijana walipofika waliitazama ardhi ile. Yule wa tabasamu alivua kofia. Wakaondoka, na hawajarudi upande ule, kwa sababu hakuna tena cha kurudia.

Kwa hiyo ile picha uliyoitundika ukutani, Mama, ndiyo imebaki. Nisingeweza kukuacha ushuke garini na kugundua mwenyewe.

Na bado sijasema lililo gumu. Nilipotumbukiza toroli la mwisho na kusikia maji yamepiga, nilisikia nafuu. Nilikaa ukingoni nikacheka peke yangu. Nilikuwa nafikiri kwamba sasa hakuna wa kumgusa, hakuna cha kulinda, na mimi naweza kwenda. Nilimvunjia kaburi ili kumwokoa, hiyo ni kweli, naapa. Lakini pia nimechoka, na nilitaka kuondoka, na kaburi lilikuwa limenifunga hapa. Hayo mawili yote yalikuwemo mikononi mwangu asubuhi ile na siwezi kukutenganishia. Nimechoka na ukimya huu. Nimechoka kusalimia vyombo.

Kesho yake nilifungasha mwiko na shati la pili, nikapita makaburini kumuaga. Sikumwona. Nilisimama pale nikazunguka, nikarudi, nikazunguka tena. Makaburi ya jirani yote yamekuwa mashimo, njia tuliyopita naye siku ya maziko haipo, ukuta wa uzio umeshasagwa. Mimi niliyemchimbia, niliyemlaza, niliyemjengea, nilichukua asubuhi nzima kuipata sehemu aliyolala mke wangu. Nilipoipata nililala kifudifudi juu yake nikalia kama mtoto mdogo. Nilifikiria kuweka jiwe la alama, lakini vijana wakirudi wakaona jiwe watadhani nimeficha kitu chini. Nilifikiria kukuelekeza kwa barua. Nikuelekeze kwa kitu gani? Hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna kona. Nimepajua kwa mwinuko mdogo tu ambao mikono yangu haikuusawazisha vizuri, na kwa miguu yangu.

Kwa hiyo sikuondoka. Nimefungua mzigo, nimerudisha mwiko kwenye msumari. Kila asubuhi nakwenda pale kusimama, nisije nikapapoteza tena. Na naogopa, Mama. Siku hizi nikipata homa kidogo tu natetemeka, si kwa kuogopa kufa, bali kwa kuwa nikifa hapa peke yangu, duniani hakutakuwa na mtu anayejua binti yako amelala wapi. Nimeahidi sitamwacha peke yake, na hapo ndipo nitakapokuwa nimemwacha hasa.

Ndiyo maana sikuzuii kuja. Nakuomba uje, na uje upesi, kabla ya mvua, kwa sababu ule mwinuko ni mdogo na maji yataushusha. Nimeongea na dereva, amekubali kukukalisha mbele na kuendesha polepole, na nimemtisha kwamba akikurusha kwenye mashimo nitamvunjia taa. Mlete na shemeji, miguu yake bado mipya na ana miaka mingi ya kukumbuka. Nyumba yangu bado ina vyumba viwili vyenye bati, nimefagia kimoja kwa ajili yenu. Nitakushika mkono, hata kama si desturi ya mkwe, nikusimamishe pale pale. Utanisema utakavyo. Ukitaka kunipiga kwa fimbo, nitainama nikurahisishie.

Halafu, nyinyi mkishapajua, nitakuomba ruhusa ya kuondoka. Sina kwetu kwingine, Mama, unajua hivyo. Nitaomba kurudi na nyinyi kwenye lori lile lile, nikae popote utakaponipa, hata kwenye banda la kuni. Kuta zako nitazipiga lipu. Nataka kuishi mahali ambapo mtu akisikia nakohoa usiku ataniuliza kulikoni. Ukikataa, nitaelewa, nami nitabaki hapa kusimama pale kila asubuhi mpaka miguu itakapokoma. Lakini uje kwanza. Hata kama hutaki kunitazama usoni, njoo upajue.

Nisalimie watoto wote wa shemeji, na yule mdogo mwambie babu fundi anamsalimu ingawa hanijui. Wasalimie majirani unaowaonyesha ile picha, na kuhusu mengine waambie upendavyo. Mungu akupe nguvu za safari. Mimi nitakuwa pembeni ya barabara kila siku ya lori, nimeoga, nimevaa shati safi, natazama kiti cha mbele.

Ni mimi mkweo,

Fundi